Mabibi Wawili

Tulianza kumi na wawili, tumebaki wanne,
ghorofa ya tatu, Khuweir, juu ya duka la mapazia,
na ya kwetu tumeyafunga.
Kokwa za tende ndizo fedha zetu. Zuweina alizikosha,
akazianika dirishani mpaka zikaacha kunata.
Nane kila mtu, mwanzo wa usiku.
Sasa hesabu imekaa hivi, naijua bila kutazama:
Thuraya arubaini na nne,
mimi thelathini na moja,
Rayya, katoka zamu hospitali na kanga juu ya sare, kumi na nane,
na Zuweina mwenye nyumba, tatu.
Tatu tu. Anazipanga, anazipangua,
kama tembe za dawa za mgonjwa.

Wa kwanza riyali mia, wa pili hamsini, wa tatu thelathini.
Wa nne hunywa chai akaaga.

Na Thuraya, bila hata kukohoa, kasukuma zote.

Zimeteleza juu ya nailoni ya meza
kwa sauti ya mvua, ile ambayo mji huu
huisikia siku mbili kwa mwaka na shule zikafungwa.
Rayya katupa zake. Zuweina katupa.
Nimeinua pembe tu, kwa ukucha:
bibi wa kopa. Bibi wa shupaza.

Ingekuwa saa tatu, watu bado wamejaa,
ningemwita kabla hajaondoa mkono.
Mabibi wawili! Nani huwaacha mlangoni?
Lakini hii ni saa nane na nusu, na kokwa zimegeuka uzito:
thelathini na moja za kupoteza
si sawa na thelathini na moja za kupata.
Hili sikufundishwa. Nina miaka kumi na moja
stoo ya vipuri, Wadi Kabir;
tairi la mwisho kwenye rafu
halina bei moja na la hamsini.

Akiwa anasukuma chochote kilichomjia, namshinda mara nne kwa tano.
Akiwa na ree mbili, chai yangu iko jikoni.
Naye anajua ninalolijua: sote tunangoja
Zuweina atoke kwanza.
Woga wetu ndio mtaji wake.
Zuweina, aliyetupikia mkate wa kumimina,
na mimi hapa namwombea atoke.

Niliwahi kwenda naye Matrah, soko la dhahabu, huyu Thuraya.
Hutaja bei yake, sonara akacheka, naye akaondoka
polepole, mgongo mzima unasikiliza,
mpaka aitwe.
Na huitwa. Na akiitwa, mara pochi ina fedha kamili,
zimekunjwa, zimefungwa mpira;
mara hana hata baisa: "Nitarudi Alhamisi."
Siku moja sonara hakuita.
Tukafika mpaka kwenye gari. Hakusema kitu.
Akawasha kiyoyozi.

Usiku huu uso wake ni mgongo ule.

Niite?

"Mwite au mwache," kasema Rayya, "mie nina zamu saa moja."

Niliwalaza mabibi kifudifudi, mmoja juu ya mwenzake.
Thuraya akazikusanya karata, zake na zangu,
akazichanganya. Hakuonyesha.

Tatu za Zuweina zikawa sita.
Sita zikawa kumi na mbili, kwa pau mbovu ambayo hakuna mtu
angeithubutu ila asiye na la kupoteza.
Zangu zikanitoka mbilimbili, kodi ya kila mzunguko,
na kabla ya alfajiri aliyekunywa chai akaaga
ni mimi.

Bado nasema nilihesabu vizuri. Nimerudia hesabu ile
nikioga, nikipanga mafuta ya breki,
na kila mara inatoka vilevile, karibu vilevile.

Miezi miwili baadaye, foleni ya Qurum,
nikamuuliza Thuraya alikuwa na nini usiku ule.

"Usiku upi?"

Alikuwa anakula tende. Akatema kokwa,
akaangaza macho pa kuiweka,
nikamkingia kiganja.